Picha ipo, sauti hakuna: mafaili matatu ya dada wa Makorora

Swali

Assalamu alaikum mtaalamu. Naishi Makorora, Tanga. Mpiga video wa harusi ya mdogo wangu alitutumia kiungo, tukaipakua video yenyewe. Kwenye simu nikiifungua kwa VLC, programu ya kuchezea video, nasikia kila kitu. Nikiitia kwenye flashi na kuichomeka kwenye TV ya sebuleni, picha inakwenda vizuri lakini sauti hakuna kabisa. Shemeji yangu alibadilisha jina la faili kutoka .mov kuwa .mp4, haikusaidia. Video ya pili ni ya maulidi, niliyoipakua mtandaoni. Hiyo haina sauti popote, si kwenye simu si kwenye TV. Ya tatu ni filamu: muziki na milio ya magari nasikia, watu wakizungumza siambulii neno. Fundi mmoja anasema spika za TV zimekufa, mwingine ananiambia niingize kodeki kwenye TV. Bibi yetu anakuja Ijumaa kutoka Pangani, hakuwahi harusi kwa sababu ya maradhi, na anachotaka hasa ni kuisikia akidi. Nifanyeje?

Jibu

Waalaikumu salaam dada yangu, na hongereni kwa harusi. Bibi ataisikia akidi yake, usiwe na wasiwasi.

Mafundi wote wawili wamekosea, na naanza nao kwa sababu mmoja anaweza kukutia hasara. Nilipokuuliza kuhusu king'amuzi ulinijibu kwamba taarifa ya habari unaisikia vizuri kwenye TV hiyo hiyo. Basi spika ni nzima, na hakuna sababu ya mtu kuifungua. Wa pili kataja kodeki, na hapo kidogo kagusa penyewe, ila dawa aliyokupa haipo. Kodeki ni kanuni ya kubana sauti au picha wakati wa kuhifadhi, na kuifumua wakati wa kucheza. TV huja na zile alizotia mtengenezaji kiwandani, baadhi yake kwa kulipia leseni, na kwa kawaida mwenye TV hana pa kuongezea nyingine. Anayekuuzia "kodeki ya TV" anakuuzia hewa. Na ukurasa wa mtandaoni unaokutaka upakue faili la kodeki linaloishia na .exe ndipo video icheze, ufunge mara moja. Hiyo ni njia ya siku nyingi ya kupenyeza virusi kwenye kompyuta za watu.

Nakusisitizia jambo moja: usigeuze faili lolote kabla hujalitazama ndani. Mengi ya matatizo ya sauti ninayoletewa yamekuzwa na haraka. Mtu anaona sauti hakuna, anakimbilia programu ya kubadilisha video, kompyuta inaunguruma usiku kucha, asubuhi picha imechujuka na sauti bado haipo. Mafaili yako matatu yana dalili moja lakini maradhi matatu mbalimbali, na dawa ya moja haitibu jingine.

Majina ya mwisho wa faili, yaani MP4, MOV, MKV au AVI, ni pakacha tu. Ukimwona mtu kabeba pakacha anatoka Muheza utadhani ni machungwa, lakini mpaka lifunguliwe ndipo utajua kama ni machungwa au mihogo. Ndani ya faili la video mna mkondo wa picha na mkondo wa sauti, kila mmoja na kodeki yake. MP4 mbili zinaweza kuwa na sauti za aina mbili kabisa, moja AAC na nyingine AC-3. Shemeji yako alipobadilisha .mov kuwa .mp4 hakugusa chochote kilichomo ndani, na TV ilipofungua ilikuta kile kile.

VLC inakusaidia kwenye uchunguzi kwa sababu hubeba kodeki zake yenyewe, haitegemei zile za simu wala za Windows. Ilianzia kwa wanafunzi wa chuo kimoja cha uhandisi Paris mwaka 1996, na mpaka leo ni ya bure. Kwa hiyo faili likitoa sauti kwenye VLC na likanyamaza kwenye TV, faili ni zima, ila TV haiijui aina ile ya sauti. Likinyamaza hata kwenye VLC, hapo shida iko kwenye faili lenyewe.

Kutazama ndani ni kazi ya dakika moja. Fungua video kwa VLC kwenye kompyuta, halafu bonyeza Ctrl na J kwa pamoja. Litatokea dirisha lenye maneno Stream 0, Stream 1, na kuendelea. Kila Stream ni mkondo mmoja, na chini yake kuna Type, inayokwambia kama ni picha au sauti, na Codec, inayotaja aina yake. Ndizo picha za skrini nilizokuomba, na nashukuru umezituma zote tatu, maana zimenionyesha kila kitu.

Video ya harusi

Kwenye picha yako ya kwanza, Stream 0 ni H264. Hiyo ndiyo kodeki ya picha inayokubalika kwa wingi kuliko zote, na ndiyo maana TV inaonyesha bila shida. Stream 1 imeandikwa PCM S16 LE (sowt). Hapo ndipo penye tatizo. PCM ni sauti ambayo haijabanwa kabisa. Wapiga video huipenda wakati wa kuhariri kwa sababu haipotezi kitu, na programu za kuhariri mara nyingi huitoa hivyo hivyo ndani ya MOV mtu asipobadilisha mipangilio. TV nyingi zinasoma PCM kwenye faili la sauti tupu, lakini ikiwa ndani ya MOV au MP4 haziitambui. Zinacheza picha na kuiruka sauti.

PCM pia inakula nafasi. Sauti ya chaneli mbili, biti 16, vipimo 48,000 kwa sekunde, hufika kilobiti 1,536 kwa sekunde. Ni kama MB 11.5 kila dakika. Video yako ya dakika 50 imebeba karibu MB 576 za sauti peke yake kati ya GB 3.6 zote. Tukiigeuza iwe AAC ya kilobiti 192 itakuwa kama MB 72, na sikio la bibi halitaona tofauti. Bando ulilotumia kupakua zile MB 500 za ziada lingebaki mfukoni kama mpiga video angeitoa hivyo tangu mwanzo.

Tutageuza sauti tu. Picha tutaihamisha kama ilivyo, bila kuibana upya. Hili ndilo watu wengi hawalijui, na ndilo linalotofautisha kazi ya dakika chache na ya usiku kucha. HandBrake, ambayo watu huitaja sana, ni programu nzuri lakini haifai hapa, kwa sababu kila mara huibana picha upya. Mimi natumia FFmpeg, ya bure pia. Ingia tovuti yake, ffmpeg.org, ufuate kiungo cha toleo la Windows uipakue, ufumue faili la zip, kisha uingie kwenye folda iitwayo bin. Iweke video ya harusi humo humo na uipe jina fupi lisilo na nafasi katikati, tuseme harusi.mov. Sasa bofya pale juu kwenye ukanda unaoonyesha njia ya folda, futa kilichoandikwa, andika cmd, ubonyeze Enter. Litafunguka dirisha jeusi. Andika mstari huu:

ffmpeg -i harusi.mov -map 0:v:0 -map 0:a:0 -c:v copy -c:a aac -b:a 192k harusi_tv.mp4

Usiuogope. Baada ya -i ni faili unaloliingiza. Zile -map mbili zinasema chukua mkondo wa kwanza wa picha na wa kwanza wa sauti. -c:v copy inasema picha usiiguse, ihamishe. -c:a aac inasema sauti igeuze iwe AAC, na 192k ni kiwango chake. Mwisho ni jina la faili jipya. Ukibonyeza Enter maandishi yataporomoka, kisha mstari mmoja wa chini utabaki ukibadilika, wenye time= na speed=. Ile speed iangalie. Ikiwa imeandika 40x au zaidi, picha inahamishwa kama tulivyotaka. Ikiwa inasota kwenye 1x au 2x, pengine umesahau neno copy na kompyuta inaibana picha upya. Bonyeza herufi q kusimamisha, rudia mstari.

Wasiopenda dirisha jeusi wanaweza kutumia Avidemux: upande wa kushoto, Video Output iache Copy, Audio Output chagua AAC, Output Format chagua MP4 Muxer, kisha hifadhi. Kazi ni ile ile.

Kama nyumbani hamna kompyuta, nenda na flashi kwenye steshenari yoyote pale Ngamiani yenye kompyuta, mwonyeshe kijana mstari huo. Ila asifute faili la asili. Hilo litunzeni mahali pawili, maana ndiyo kumbukumbu ya harusi, na hilo la TV ni nakala tu.

Ijumaa ikikukuta hujamaliza, azima kompyuta mpakato, iunganishe na TV kwa waya wa HDMI, ucheze kwa VLC. Kompyuta ndiyo itakayofumua sauti, na TV itapokea sauti iliyokwisha kufumuliwa. Hakuna cha kugeuza hapo. Kama picha imekwenda kwenye TV lakini sauti inatoka kwenye kompyuta, bofya alama ya spika kwenye Windows uchague jina la TV.

Nigusie hitilafu nyingine inayozikumba video za harusi hasa, kwa sababu wasomaji wengine wataikuta. Kuna video ambayo ukivaa earphone sauti ipo, lakini kwenye spika moja ya simu MC na shehe hawasikiki. Hiyo si kodeki. Sauti ilichukuliwa kutoka mikisa ya ukumbini kwa waya usiolingana na tundu la kamera, ikaingia kushoto vizuri na kulia kinyumenyume. Spika moja inapochanganya pande mbili, zinafutana. Dawa yake ni kuchukua upande wa kushoto peke yake na kuupeleka pande zote: kwenye mstari wa juu, ongeza maneno haya kabla ya jina la faili jipya:

-af "pan=stereo|c0=c0|c1=c0"

Na mpiga video wako mwombe kwa upole: safari ijayo atoe MP4, picha H.264, sauti AAC. Hiyo inacheza karibu kwenye kila TV na kila simu iliyoko Tanga.

Video ya maulidi

Hapa nina habari isiyopendeza. Kwenye picha yako ya pili kuna Stream 0 peke yake, Type ni Video. Hakuna Stream 1. Faili halina sauti, na hakuna kodeki wala programu inayoweza kutoa kisichokuwemo. Usipoteze fedha kwa mtu anayekwambia ataitengeneza.

Sababu ni hii: tovuti kubwa za video huhifadhi picha za kiwango cha juu mbali na sauti yake. Unapotazama mtandaoni, kivinjari au programu ya simu huvuta mikondo miwili na kuicheza pamoja, nawe hujui. Programu ya kupakua nayo inatakiwa ivute yote miwili kisha iiunganishe. Nyingine huvuta picha tu, na nyingine huvuta vyote lakini hushindwa kuunganisha. Ndiyo maana mara nyingine ukichagua picha ya kiwango cha chini, 360p, sauti inakuja, ukichagua ya juu, 1080p, haiji, na watu hudhani 1080p ni mbovu.

Mwombe mwenye video akutumie faili lake la asili. Watu wa maulidi huwa hawana ubahili na hilo. Au itazame folda uliyopakulia. Ukikuta faili jingine dogo lenye jina linalofanana, linaloishia na .m4a au .webm, basi hiyo ndiyo sauti yako, imekosa kuunganishwa tu. Yaite picha.mp4 na sauti.m4a, kisha:

ffmpeg -i picha.mp4 -i sauti.m4a -map 0:v -map 1:a -c copy maulidi.mp4

Kama sauti ni .webm, ndani yake kwa kawaida kuna Opus, kodeki nzuri sana iliyosanifishwa mwaka 2012, lakini TV nyingi za zamani haziijui. Hapo badala ya -c copy andika -c:v copy -c:a aac.

Baada ya kuunganisha, ukiona midomo na sauti havilingani, cheza kwa VLC kwenye kompyuta na ubonyeze K au J. Kila bonyezo moja husogeza sauti milisekunde 50, upande huu au ule. Ukipata panapolingana umeshajua tofauti ni kiasi gani, na nitakuandikia mstari wa kuirekebisha moja kwa moja.

Filamu isiyo na maneno

Kabla ya faili, nenda nyuma ya TV. Baadaye uliniambia mnatumia sabufa. Weka king'amuzi usikilize mtangazaji. Kama naye sauti yake inasikika kwa mbali huku muziki ukivuma, faili halina kosa. Pini ya sabufa haijaingia mpaka mwisho, au waya wake wa ardhi umekatika. Ikiwa hivyo, spika hupokea tofauti ya kushoto na kulia tu, na kila kilicho sawa pande zote mbili hupotea. Maneno ya watu ndiyo yanayorekodiwa sawa pande zote mbili. Waya mpya wa sabufa ni bei ndogo.

Lakini kwa picha yako ya tatu naona ugonjwa ni wa faili. Codec imeandikwa A52 Audio (aka AC3), na kwenye Channels pameandikwa 3F2R/LFE. Maana yake ni chaneli sita: tatu za mbele, mbili za nyuma, na moja ya besi. Kwenye mpangilio huo, mazungumzo huwekwa karibu yote kwenye chaneli ya mbele katikati, na muziki na milio hutawanywa kwenye nyingine. TV yenu ina spika mbili. Kifaa kizuri huigawa ile ya katikati kushoto na kulia. Kifaa dhaifu huchukua kushoto na kulia na kuitupa ya katikati. Ndiyo maana magari unayasikia na watu huwasikii.

Kwanza jaribu kitufe cha AUDIO kwenye rimoti ya TV wakati filamu inacheza. Filamu nyingine zina mikondo miwili au mitatu ya sauti, na mmojawapo huwa wa chaneli mbili. Ukiupata, kazi imekwisha.

Usipoupata, zibane chaneli sita ziwe mbili, na yale maneno tuyape nguvu zaidi:

ffmpeg -i filamu.mkv -map 0:v:0 -map 0:a:0 -c:v copy -c:a aac -b:a 192k -af "pan=stereo|FL<FC+0.5*FL|FR<FC+0.5*FR" filamu_tv.mp4

FC ni ile ya katikati, FL na FR ni kushoto na kulia. Ya katikati tumeipa nguvu mara mbili ya zile za kushoto na kulia zenye muziki. Alama za kunukuu usizisahau, maana bila hizo Windows itaelewa alama ya | na ya < kwa maana nyingine na itakukatalia. Ukiona muziki umepungua mno, badilisha 0.5 iwe 0.7.

Siku nyingine ukikuta Codec imeandikwa DTS, kodeki nyingine ya sauti za filamu, na TV imenyamaza kabisa, ujue ni suala la leseni. Samsung, kwa mfano, waliiondoa DTS kwenye TV zao kuanzia za mwaka 2018, kwa hiyo filamu iliyokuwa ikisikika kwenye TV ya zamani inanyamaza kwenye mpya, na mwenye nyumba analaumu duka. Mstari ule ule wa harusi unatosha, ukiongeza -ac 2 kabla ya jina jipya ili chaneli ziwe mbili.

Jambo la mwisho ni flashi. Flashi nyingi za dukani zimeumbizwa (format) kwa FAT32, mpangilio wa kuhifadhi mafaili ambao haupokei faili moja la GB 4 au zaidi. Harusi yako itashuka kufika kama GB 3.1, kwa hiyo itaingia. Ukiwa na faili kubwa kuliko hapo, usiumbize flashi kwa exFAT, mpangilio unaopokea mafaili makubwa, kabla ya kuhakikisha TV yenu inaisoma, kwani kuumbiza kunafuta kila kitu kilichomo.

Anza na harusi, hizo nyingine zitasubiri. Dirisha jeusi likikuandikia kosa, nitumie mistari mitatu ya mwisho kama ilivyo pamoja na mstari ulioandika wewe, nami nitakujibu kabla ya Ijumaa.